Wa Deka ya Juu Naye Anataka Chandarua

Mzazi amesimama mbele ya karakana ya kando ya barabara, iwe ni Kendu Bay kwenyewe, Oyugis siku ya soko au Kibuye mjini Kisumu. Amekagua mbao, amevutana na fundi hadi bei ikashuka, na deka, yaani kitanda cha ghorofa, iko tayari kupakiwa kwenye pikapu. Kabla ya kutoa pesa anauliza lile swali: "Sasa fundi, chandarua nifunge cha chini tu, sivyo? Huyu wa juu mbu si hawamfikii?" Fundi, ambaye kazi yake ni kuuza kitanda, anaitikia kwa kichwa. Deka inaondoka, na mtoto mmoja kati ya wawili ameshapangiwa kulala bila kinga.

Jibu ni hapana. Mbu wanamfikia wa juu kama wanavyomfikia wa chini, na katika nyumba nyingi za ukanda huu huenda wakaanza na yeye. Swali hili limeulizwa mno na kujibiwa ovyo mno, na Homa Bay si mahali pa kulichezea. Uchunguzi wa kitaifa wa malaria wa 2020 ulikuta kwamba katika ukanda wa Ziwa Victoria, watoto wapatao 19 katika kila 100 waliopimwa, wenye umri wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 14, walikuwa na vimelea damuni. Kwa Kenya nzima walikuwa takriban 6 katika 100. Anayenunua kitanda cha watoto Kendu Bay ananunua pia mahali ambapo watoto hao watakutana na mbu kila usiku, na wajibu wake ni kuuliza swali la chandarua kabla ya swali la rangi ya vanishi.

Imani yenyewe ina chimbuko, na ni haki litajwe. Anayeketi uani jioni akichambua omena huumwa vifundoni, si shingoni. Watafiti waliolichunguza jambo hilo na kuchapisha matokeo yao 2015 walikuta kwamba mtu akiwa ameketi nje, zaidi ya asilimia 90 ya mbu wa malaria humuuma chini ya goti. Kutoka hapo watu wakajijengea kanuni: mbu huruka chini, basi aliye juu amepona. Wanachosahau ni kwamba mtoto kitandani haketi, analala. Watafiti haohao walipomlaza mtu chini, mbu waliacha kuchagua miguu wakamuuma popote. Mbu huiendea miguu ya aliyeketi kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na ardhi. Mtoto aliyelala hana sehemu moja ya mwili iliyo chini zaidi ya nyingine, awe kwenye mkeka au kwenye deka.

Kuna ushahidi mwingine ambao wenye imani hii huutumia, na huu una uzito zaidi. Nchini Gambia watafiti walijenga vibanda vinavyoweza kuinuliwa, wakalaza watu ndani, wakahesabu mbu walioingia. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha kwamba kibanda kilichoinuliwa mita 3 kutoka ardhini kiliingiwa na mbu wa malaria wachache kwa asilimia 84 kuliko kilichokaa chini. Ni kweli, na ni habari njema kwa wanaojenga maghorofa. Lakini kilichoinuliwa pale ni nyumba nzima, pamoja na mlango wake, madirisha yake na mianya yake. Deka haiinui nyumba. Inamwinua mtoto mita moja na nusu ndani ya chumba kilekile ambacho mbu ameshaingia. Mbu aliyekwisha kupita ukutani hazuiwi na ngazi ya vipago vinne.

Tena tuangalie anapitia wapi. Mbu wa malaria wa Afrika, hasa Anopheles gambiae na Anopheles funestus, hupenda kuingia kwa mwanya ulioachwa kati ya ukuta na paa. Wengi hawapitii mlangoni. Huruka hadi wanapogonga ukuta, kisha hupanda nao mpaka wakapata uwazi chini ya bati. Nyumba nyingi za vijijini kuanzia Kendu Bay hadi Migori zimeachiwa uwazi huo ili moshi na joto vitoke. Ukiweka deka kwenye chumba cha namna hiyo, kichwa cha mtoto wa juu kinakuwa karibu na lango la mbu kuliko kitu kingine chochote chumbani. Aliyeaminiwa kuwa salama ndiye aliyewekwa njiani.

Uthibitisho hauhitaji kutafutwa mbali. Huko Ahero, kwenye mashamba ya mpunga ambayo msafiri wa Kendu Bay huyapita akienda Kisumu, watafiti waliziwekea nyumba dari za mikeka ya mafunjo, mafunjo yaleyale yanayoota kando ya ziwa. Matokeo yao yalichapishwa 2009: mbu wa malaria waliokutwa ndani walipungua kwa zaidi ya robo tatu. Wangekuwa wanaingia kwa chini, dari isingewapunguza hivyo.

Mbu akishaingia hufuata pumzi na joto la mwili, na vyote viwili hupanda, kama moshi wa kuni unavyotafuta paa. Mwanza, ng'ambo ya ziwa hilihili, watafiti wa Tanzania na wa Liverpool waliwafuatilia mbu kwa kamera za infraredi huku mtu amelala ndani ya chandarua. Katika matokeo yaliyochapishwa 2017, mbu walijazana juu ya paa la chandarua, usawa wa kiwiliwili, na pembeni walikuwa wachache. Sasa weka watoto wawili, mmoja juu ya mwingine. Hewa ya joto ya yule wa chini inagonga godoro la juu, inatokea kando na kuendelea kupanda. Wa juu amezungukwa na harufu ya watu wawili, na yeye ndiye asiye na chandarua.

Na ni nani hasa anayepelekwa juu? Ni mkubwa, mwenye miaka 8, 10 au 12. Wazazi wengi wanajua kwamba malaria huua zaidi watoto wa chini ya miaka 5, na hapo hawajakosea. Lakini Magharibi mwa Kenya watoto wa umri wa kwenda shule ndio wanaobeba vimelea kwa wingi zaidi, mara nyingi bila homa ya kuwalaza, na ndio kundi linalolala chini ya chandarua kwa uchache. Mtoto huyo akiachwa wazi juu, mbu humuuma yeye, akaondoka na vimelea, na siku kadhaa baadaye akavipeleka kwa mdogo wake ambaye usiku mmoja ametoa mkono nje ya chandarua. Kumnyima chandarua mkubwa ni kumhatarisha mdogo pia.

Huja kisha hoja ya pili, kwamba nyumba ilipuliziwa dawa. Ni kweli Migori ilipuliziwa kuanzia 2017 na Homa Bay kuanzia 2018, na kazi ile ilipunguza malaria. Lakini dawa ya ukutani humuua mbu anapotua ukutani, na mara nyingi hutua akiwa ameshashiba. Hoja ya tatu ni chanjo. Ilizinduliwa Kenya kule Ndhiwa, kaunti hiihii, tarehe 13 Septemba 2019, na kila mtoto anayestahili apelekwe akachanjwe. Ila chanjo hupunguza malaria, haiifuti, na kaka mkubwa wa deka ya juu, kama alizaliwa kabla ya hapo, huenda hakuipata.

Mbaya kuliko hoja zote ni koili ya mbu. Wapo wanaoiwasha chini ya deka usiku kucha wakisema moshi utapanda umlinde wa juu. Moshi utapanda, hilo halina ubishi, na utaingia mapafuni mwake. Watafiti waliopima moshi wa koili na kuchapisha matokeo yao 2003 walikadiria kwamba koili moja hutoa chembe laini nyingi kama sigara 75 hadi 137. Hakuna mzazi atakayemkubalia mtoto hata sigara moja. Halafu kuna moto: kaa la koili liko chini, shuka inaning'inia juu yake, chandarua cha nyuzi za plastiki kiko pembeni, na godoro la sponji linangoja. Koili chini ya kitanda cha mtoto ni hatari isiyo na faida ya kuitetea, na koroboi ni vivyo hivyo. Majani ya mwarobaini yaliyofungwa kwenye tendegu hayaunguzi nyumba, lakini hayamzuii mbu.

Kosa lingine liko kwenye hesabu. Vyandarua vya serikali hugawanywa kwa kanuni ya kimoja kwa kila watu 2. Kanuni hiyo inafaa pale watoto wawili wanapolala godoro moja. Siku deka inapoingia nyumbani, godoro moja linakuwa mawili, na chandarua kimoja hakiwezi tena kuwafunika wote. Familia yenye watu 6 iliyopewa vyandarua 3 ilikuwa imekamilika jana, na leo imepungukiwa na kimoja. Cha nne kinunuliwe pamoja na deka, na bei yake iingizwe katika bei ya kitanda. Wenye kuamini kwamba wa juu hahitaji hufanya kinyume: hukiona chandarua chake kuwa cha ziada, na kando ya ziwa chandarua cha ziada hakikawii kupata kazi nyingine. Utafiti uliochapishwa 2008 katika vijiji vya wavuvi wa upande huu wa ziwa ulivikuta vyandarua vya kitanda vikianikiwa samaki na vingine vikivulia.

Namna ya kufunga basi, kwa kuwa hapa ndipo wengi huishia kukata tamaa. Kitanda cha chini ndicho rahisi. Funga kamba nne kwenye chaga za pembeni za kitanda cha juu, upande wa ndani wa matendegu, ili ngazi na viatu visikirarue chandarua. Chandarua cha kawaida kina kimo cha sentimita 150 au zaidi, ilhali nafasi kati ya godoro na chaga za juu ni ndogo kuliko hiyo, kwa hiyo kitambaa kitabaki kingi. Usikikate. Kichomeke chote chini ya godoro pande zote nne, kichwani na miguuni pia.

Cha juu kinataka misumari minne au kulabu nne kwenye mbao za paa, zikiwa pana kuliko kitanda. Pasipo pa kupigilia, fundi aongeze fito nne kwenye matendegu, zipande juu kwa kimo cha mtoto aliyeketi na zaidi. Chandarua kipite nje ya ukingo wa kitanda, kisha pindo lipenyezwe chini ya ukingo na kuchomekwa chini ya godoro. Kikipita nje, ukingo humtenga mtoto nacho. Kikipita ndani, mtoto hukiegemea na mbu humuumia kwenye matundu. Balbu isikaribie kitambaa. Na isidhaniwe kwamba chandarua kitamzuia mtoto asianguke. Uzi ule hauwezi kubeba mtoto.

Malalamiko ya joto yana ukweli. Chini ya bati lisilo na dari, kitanda cha juu ni moto hadi usiku wa manane, na mtoto hukipiga chandarua teke. Dawa yake ni dari, hata ya mikeka ya mafunjo, ambayo hupunguza joto na mbu kwa pamoja. Asiyeweza kuweka dari mwaka huu asipandishe mtoto juu mwaka huu. Hapo ndipo deka inayotenganishika inapostahili bei yake: inateremshwa, inakuwa vitanda viwili, na kila kimoja kinapata chandarua chake bila taabu.

Kwa kweli nyumba nyingi zinazopanga deka hazikuwa na haja ya kuipanga. Chumba cha futi 10 kwa 10 kinabeba vitanda viwili vya futi 3 kwa 6, kimoja kila ukuta, na katikati pakabaki futi 4. Hizo ni mita 1.2, nafasi ileile ambayo mwongozo wa Wizara ya Elimu wa 2008 kuhusu usalama shuleni unadai kati ya vitanda vya bweni.

Yaliyobaki ni ya haraka.

Umri: chini ya miaka 6 asilale juu, na asipande kucheza. Nchini Marekani, kati ya 1990 na 2005, watoto na vijana wapatao 36,000 kwa mwaka walifikishwa hospitalini kwa majeraha ya vitanda vya namna hii. Karibu robo tatu walianguka, na takriban nusu walikuwa chini ya miaka 6. Ukiwa na wadogo watupu, tenganisha kitanda na ukiache hivyo.

Pini: ndicho kiungo cha deka inayotenganishika. Tendegu la juu hukalia tendegu la chini, na pini huingia katika yote mawili. Kataa pini ya mti. Taka ya chuma, izame angalau inchi 2 kila upande, na bolti ipite kuifunga. Jaribu hapo hapo karakanani: lala chali kitanda cha chini, weka nyayo kwenye chaga za juu, sukuma kwa nguvu. Kitanda cha juu kikiinuka, watoto watakiinua pia, na siku moja hakitarudi kwenye pini zake. Ukitenganisha, pini na bolti zitiwe kwenye mfuko ufungwe kwenye mfumbati. Zikipotea, msumari si badala yake.

Ukingo: uwe pande zote mbili za kitanda cha juu, hata upande wa ukutani, kwa sababu deka husogea na mtoto huteleza akabanwa kati ya godoro na ukuta. Kanuni za Marekani, zinazotumika tangu 2000, zinataka ukingo uzidi godoro kwa inchi 5 na mianya yake isizidi inchi 3 na nusu, kichwa cha mtoto kisinase. Za Ulaya zinataka sentimita 16 juu ya godoro. Chukua ya Ulaya.

Godoro: la juu liwe jembamba na gumu, inchi 4. Ukingo ulioinuka inchi 11 kutoka kwenye chaga hubakiwa na inchi 7 ukiweka godoro la inchi 4. Ukiweka la inchi 8 hubakiwa na 3, na hapo ukingo umekuwa pambo. Godoro lijae kitanda, pasibaki pengo.

Chaga: zipigiliwe kwa skrubu, zisilazwe tu juu ya mfumbati. Chuma au mbao? Vyote vinafaa vikiungwa vizuri. Kwa chuma, uliza geji: 16 ni nene kuliko 18, na wengi hudhani kinyume. Kagua kila mahali palipochomelewa. Kwa mbao, taka iliyokauka. Mbao mbichi ya mkaratusi hupinda, na matundu ya pini huacha kulingana.

Ngazi: ifungwe kwa bolti, isiegemezwe. Paa: mtoto aketi wima juu bila kugusa bati wala mbao. Feni ya darini na deka haviwekwi chumba kimoja. Kila muhula, kaza nati zote.

Na kwa nyumba za Waluo kuna sababu moja zaidi ya kununua inayotenganishika: mvulana akikua na kujenga simba, nyumba yake ya ujana, kitanda kimoja kinatoka naye bila kuvunja cha mdogo wake. Chandarua chake kitoke naye pia, kwa sababu simba nayo ina mwanya chini ya paa.

Mtoto akipata homa, awe analala juu au chini, apimwe malaria ndani ya saa 24. Usimpe dawa zilizobaki za mwezi uliopita. Na wenye deka tayari, leo jioni pandeni ile ngazi mtazame juu ya godoro la mkubwa. Kama hakuna mahali pa kufungia chandarua, pigilieni misumari minne kabla hajapanda kulala.